Bunduki ya Itigi Niliyoipigia Muhuri

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari mume wangu ameanza kuuliza kama ofisini hawanihitaji hata kwa siku mbili tatu. Anasema nakagua kila kitu hapa nyumbani Unyambwa: bawaba za mlango, miguu ya jiko, hata mpini wa jembe naugonga kwanza nisikie unaliaje. Jumapili aliniletea daftari, akasema, "Mama Anna, andika. Pengine yakitoka kichwani utapumzika, na sisi tutapumzika."

Basi ninawaandikia ninyi mliobaki pale karakana ya silaha mjini Singida, na wengine watakaokuja wasionijua. Jina langu ni Elizabeti Ntandu, na kazi yangu ilikuwa fundi wa silaha. Habari za vyeo nitaziruka, maana hazijazi hata ukurasa mmoja.

Kazi yenyewe mnaijua. Raia mwenye leseni analeta bunduki yake, tunaikagua, tukiridhika tunapiga muhuri kwenye karatasi, naye anakwenda kuhuisha leseni. Lakini bunduki mpya katika mkoa wetu ni chache. Nyingi zimerithiwa kutoka kwa baba, naye baba alirithi kwa babu, na babu aliipata kwa mzungu fulani ambaye jina lake kila ukoo unalitamka kwa namna yake. Nyingi ni bunduki za marisau, hizi mnazoziita shotigani, zenye mitutu miwili iliyolala sambamba, unazozivunja katikati ili kuingiza risasi. Swali linalokuja mezani kila siku ni lile lile: je, mkongwe huyu akifyatuliwa leo, atampiga nguruwe au atampiga mwenyewe?

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino na sketi niliyoshonewa makusudi, kwa sababu barua ilisema "msaidizi wa ghala", nami nikadhani ni ghala la makaratasi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mkumbo, mtu mfupi wa Kiomboi, aliyetengeneza silaha jeshini kabla ya kuja uraiani. Alivitazama viatu vyangu, hakunitazama mimi.

"Hivyo vitavumilia mafuta ya bunduki siku mbili," akasema. "Siku ya tatu utakuja na kandambili."

Alikosea. Nilikuja na kandambili siku ya pili.

Asubuhi ile alinipa mitutu miwili iliyotolewa kwenye kitako chake, akaielekeza dirishani. "Tazama ndani, uniambie unaona nini."

"Naona mwanga, mzee."

"Mwanga utauona hata kwenye bomba la maji. Tazama tena."

Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Yeye aliendelea na kazi zake, akinywa chai, akiigombeza skrubu moja kwa Kinyiramba. Kukaribia saa sita ndipo nikaanza kuona kwamba ule mwanga umejipanga pete pete, na kwamba pete moja, karibu na mwisho, haikuwa duara.

"Hapa," nikasema. "Kuna pete imebonyea."

Hakunisifu. Alikwenda stoo akaniletea kigoda, akakiweka karibu na meza yake. Ndivyo nilivyojua nimeajiriwa.

Haikupita wiki akaja mzee mmoja wa Mkalama na bunduki iliyofungwa kwenye kanga. "Haina kitu, mwanangu," akaniambia. "Tangu baba afariki haijaguswa." Nami, kwa kuwa alikuwa mzee na amemtaja marehemu baba yake, nikaipokea na kuanza kuigeuza kuelekea dirishani. Mzee Mkumbo alinishika kifundo cha mkono, akaishusha ile mitutu taratibu hadi ikaelekea kwenye sanduku la mchanga, kisha akaivunja. Kila mtutu ulikuwa na risasi yake, imeota ukungu wa kijani. Na kwenye mdomo wa mtutu mmoja nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo, wakaisakafia vizuri.

"Mzee wangu," Mkumbo akamwambia yule mwenye bunduki kwa adabu kabisa, "ungefyatua hii, sina hakika ungerudi Mkalama na uso wako."

Tangu siku ile sijawahi kuamini mdomo wa mtu juu ya bunduki. Awe mkubwa wangu wa kazi, awe padri, awe shehe, naifungua kwanza, salamu baadaye. Wapo walioona sina adabu. Wote wako hai.

Mzee Mkumbo hakuwa na vifaa vingi. Alikuwa na kamba ya katani ya kutundikia mitutu, na mwiko wa mti wa kuigongea. Mitutu mizima ikigongwa inalia kama kengele, mlio unakwenda mbali. Ule utepe wa chuma unaoishika pamoja ukiwa umeachia, inalia kama chungu chenye ufa. Mwiko wenyewe aliutoa jikoni kwake, na mkewe aliuulizia kwa miaka. Alikuwa na taa, na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Alikuwa na kipande cha karatasi ya daftari alichokibana kwenye maungio ya bunduki: ikifungwa na karatasi ikachomoka kirahisi, basi maungio yamelegea. Alikuwa na kijiti cha shaba cha kupimia chemba, pale risasi inapokaa, kwa sababu bunduki nyingi za zamani chemba zake ni fupi. Risasi ndefu za siku hizi zinaingia bila kulalamika, tatizo linaanza zinapofunguka. Na alikuwa na chupa ya siki.

Siki ndiyo iliyonifundisha adabu, kwa hiyo nieleze vizuri. Zamani mafundi wa Ulaya walikuwa wakitengeneza mitutu kwa kusokota vipande vyembamba vya chuma laini na chuma kigumu pamoja, wakavizungusha kwenye nondo na kuvifua vikiwa vyekundu mpaka vikashikana. Mtutu wa namna hiyo ni mzuri ajabu. Ukiutazama una michirizi inayozunguka kama msuko wa kikapu. Lakini ulitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani, yenye kusukuma polepole. Baruti ya kisasa inapiga kwa nguvu nyingine, na katikati ya ile misuko, kwa miaka mingi, kutu inaingia pasipoonekana. Mtutu unaweza kulia kama kengele, ukang'aa ndani, na siku moja ukapasuka. Unapasukia wapi? Mara nyingi pale pale mkono wa kushoto unapoushika.

Michirizi ile ikifutika kwa uzee au kwa rangi, njia ya kuijua ni kutoa kile kipande cha mti cha mbele, kilicho chini ya mtutu mkono wa kushoto unaposhika, kusugua sehemu ndogo ya chuma hadi iwe safi, kuipaka siki na kungoja. Chuma cha kawaida kitakuwa kijivu mahali pote. Kile cha kusokotwa kitaonyesha msuko wake. Inachukua nusu saa. Mzee Mkumbo hakuiruka nusu saa hiyo hata siku moja, hata watu wakipanga foleni hadi barabarani. "Wanaongoja hawana haraka kama wanavyojidai," alikuwa akisema. "Wangekuwa na haraka wangekuja jana."

Alipostaafu aliniachia kijiti, mwiko na kigoda. Miaka michache baadaye tulimzika kwao Kiomboi. Karakana nikabaki nayo mimi. Watu wakiingia waliuliza, "Fundi yupo?" Nikijibu, "Ndiye mimi," walichungulia nyuma yangu kuona kama kuna mwingine. Nilizoea. Baadaye walianza kunisifu kwamba nina mkono mwepesi, kwamba kwa Mama Ntandu hukai hata saa moja. Sifa hizo zilinipendeza kuliko ilivyofaa.

Sasa niseme lile la Itigi.

Ilikuwa Alhamisi, kipindi kile leseni nyingi zinakaribia kwisha na benchi la nje limejaa. Akaingia Mzee Zakaria, mrina asali na mkulima wa mtama kutoka kijiji kilicho ndani ya vichaka vya Itigi. Mtu mrefu, mpole, kofia mkononi. Bunduki yake ilikuwa ya babu yake, mitutu miwili, nyundo zake, zile zinazogonga risasi, ziko kwa nje kama masikio ya mbuzi. Na ilikuwa nyeusi, imependeza, inang'aa.

Niliivunja: tupu. Nikatundika mitutu, nikagonga: kengele. Ndani, pete zote duara. Maungio yalishika karatasi hadi ikachanika. Nyundo nilizivuta nyuma, nikazisukuma kwa kidole gumba, zikakaa bila kuanguka. Chemba ilikuwa fupi, nikamwandikia risasi za kununua, fupi na za nguvu ndogo, naye akanionyesha kwamba anazo tayari. Niliona ule weusi nikajiambia kwamba kuna fundi mahali fulani ameirudishia rangi ya kiwandani. Nikatazama nje, benchi limejaa. Nikaitazama chupa ya siki.

Nikapiga muhuri.

"Mungu akubariki, mama," akasema. "Jumamosi tunatoka na wanakijiji kufukuza nguruwe. Wamelala kwenye mtama wangu kama wageni wa harusi."

Kesho yake jioni nilikuwa nyumbani nafua aproni ya kazini. Niliiloweka kwenye beseni, na maji yakawa meusi tii. Nikayamwaga, nikaweka mengine, nayo yakawa meusi. Nikanusa. Ilikuwa ile rangi ya kupaka majiko, inayouzwa kwenye vikopo vidogo kwa wauza misumari. Kwa siku mbili zile ni bunduki moja tu nyeusi niliyoikumbatia kifuani.

Rangi ya kiwandani haitoki kwa maji na sabuni. Mtu alikuwa ameupaka ule mtutu, na chini ya rangi mimi sikujua kuna nini. Nilikaa kwenye ukingo wa baraza na mikono yangu imelowa. Mume wangu akatoka kuuliza kama nimeumwa na kitu.

"Nimepitisha bunduki bila kuiona," nikamwambia.

"Si umpigie simu mwenyewe?"

Nilipiga mara kumi. Haipatikani. Nikampigia mwenzangu mmoja wa pale Itigi, akaniambia kijiji kile hakina mtandao, ukitaka kuongea na mtu lazima apande juu ya kichuguu, na pikipiki ya ofisi yao imekwenda upande mwingine. Nikajaribu kujituliza. Huenda ni chuma cha kawaida. Bunduki ngapi zinapakwa rangi? Lakini kila nilipofika hapo niliuona mkono wa kushoto wa yule mzee, ukiwa umeishika kofia yake.

Asubuhi nilipanda basi la saa kumi na mbili. Nilibeba kamba, kijiti na taa vilivyokuwa nyumbani, lakini siki ilibaki karakana, nami nikaikumbuka basi limeshaondoka. Pale Manyoni basi lilisimama muda mrefu mno watu wakinunua vitumbua, nikatamani kushuka nilisukume. Itigi nilifika saa nne kasoro, nikachukua bodaboda. Njia ya kwenda kijijini inapita katikati ya vichaka, miti mifupi imefungamana pande zote mbili hata mbuzi anapita kwa shida, huoni mbele zaidi ya kona inayofuata.

Tulikuwa tumekaribia, nyumba za kwanza zinaonekana, nikasikia mlio. Mmoja, mzito, kutoka upande wa mashamba.

"Hao wameshaanza," dereva akasema kwa furaha.

Nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu anapiga kelele.

Tulipotokea kwenye mtama niliona watu kama kumi na watano wamesimama, na katikati yao Mzee Zakaria, mzima, moshi unatoka kwenye mtutu wa kulia. Aliponiona uso ulichanua. "Mama! Umekuja kuisikia? Imelia vizuri sana!" Na mkono wake ukaingia mfukoni kutafuta risasi nyingine.

"Ifungue!" nikapiga kelele. "Toa zote! Iweke chini!"

Nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kumfokea mbele ya watu namna ile. Lakini aliifungua, akatoa ganda tupu na risasi moja nzima, akailaza bunduki juu ya majani. Ndipo nikapumua, na ndipo nikakumbuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama," akasema. "Kuna nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, mazuri, ya kiofisi. Yote yalipotea. "Nilikosea," nikasema. "Bunduki yako niliipitisha bila kuikagua sawasawa. Kuna hatua moja niliiruka kwa sababu ya haraka. Nimekuja kuirudia. Ni nani aliyeipaka rangi ya jiko?"

Alitazama chini. "Ni mimi. Ilikuwa na kutu kutu juu. Nikasema nisiipeleke mbele ya mama wa serikali kama mtu asiye na mke."

Wale wengine wakaanza kuguna. Mwenyekiti wa kitongoji, shemeji yake, akasema bunduki ile imeua nguruwe tangu enzi za babu, na sasa hivi imelia salama kila mtu amesikia, na nguruwe wapo, na jua linapanda. Wakati wanaendelea, mke wa Mzee Zakaria, Mama Elia, akatoka kwenye kundi la wanawake waliokuwa na madebe ya kupigia kelele. "Mama huyu ametoka Singida," akasema. "Hakuja kutembea. Unahitaji nini, mama?"

"Siki."

Siki haikuwepo kijiji kizima. "Kitu chochote kikali," nikasema. "Limao." Malimao hayakuwepo, si msimu wake. Mama Elia akafikiri kidogo, akaenda nyumbani, akarudi na bakuli la ukwaju ulioloweshwa kwa ajili ya uji.

Tuliketi kwenye kivuli cha ghala lao. Nilitoa kipande cha mti, nikaitoa rangi kwa mafuta ya taa na mchanga, nikasugua hadi chuma kikawa safi, nikapaka ule ukwaju. Kisha tukangoja. Watu wazima kumi na watano wakitazama chuma kilichopakwa uji. Nilikuwa naomba nisione kitu, niaibike, nile ugali wao nirudi nyumbani.

Nilipokifuta, michirizi ilikuwepo. Hafifu, inazunguka, imebebana kama msuko wa kikapu.

Nilimweleza Mzee Zakaria maana yake, polepole, nikimwonyesha kwa kidole. Alisikiliza yote. Aliniuliza kama ni lazima ipasuke. Nikamwambia hapana, si lazima, huenda ikalia miaka mingine kumi, au isilie mara mbili. Hapo shemeji yake akacheka. "Kwa hiyo hujui."

Ni kweli sikujua. Na nikaona kwamba nikiondoka na karatasi yangu tu, wataipaka rangi tena. Nikauliza nani ana tairi.

Jambo hili sikuwa na kibali cha kulifanya, naliandika hivyo hivyo. Walileta tairi kuukuu la trekta. Tuliifunga bunduki juu yake kwa kamba za katani, mdomo umeelekea kwenye kichuguu kikubwa kisicho na njia nyuma yake. Nikafunga kamba ndefu kwenye kifyatulio, nikawapeleka watu wote, na watoto mbali zaidi, nyuma ya kichuguu kingine. Mwenyekiti aliona nimezidisha. Nikamwambia akitaka kusimama karibu aniandikie kwanza. Hakuandika.

Niliweka risasi zake zile zile, za nguvu ndogo. Mtutu wa kushoto: ukalia vizuri. Nikaenda, nikakagua, nikaweka nyingine. Wa kulia: ukalia vizuri. Nyuma ya kichuguu vicheko vikaanza. Mtu mmoja akasema kwa Kinyaturu, akidhani sisikii, kwamba huyu mama amekuja kumaliza risasi za watu. Nilianza kuona aibu kweli. Nikafikiri nguo niliyoiona jana kwenye beseni imenitia wazimu. Lakini Mzee Mkumbo alinifundisha kila mtutu mara tatu, nikarudi kuweka ya pili kushoto.

Nikavuta.

Haukuwa mlio wa bunduki. Ulikuwa kama mtu amepasua bati karibu na sikio. Kitu kikapita juu yetu kikifoka, kikaangukia kwenye mtama. Vicheko vikakatika. Hata madebe hayakulia.

Tulipokwenda kutazama, mtutu wa kushoto ulikuwa umefunguka kama ganda la mahindi, kuanzia mbele ya chemba hadi pale kile kipande cha mti kinapokaa. Mti wenyewe haukuwepo. Ubavu wa tairi ulichanika, unaweza kupitisha ngumi.

Mzee Zakaria alisimama akiangalia. Mama Elia alimkamata mkono wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza chini, akavihesabu vidole kimoja kimoja kwa sauti kama anamhesabia mtoto mchanga. Alipofika cha tano alianza kulia, halafu akacheka, halafu akampiga mumewe mgongoni kwa lile debe. Sote tukacheka. Mimi nikaketi pale pale kwenye majani karibu na tairi, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nikahisi njaa.

Mwenyekiti ndiye aliyeniletea maji. Alinipa kikombe akakohoa kidogo. "Tutakuandikia hiyo barua ya kusimama mbali," akasema.

Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na asali baadaye. Mzee Zakaria aliketi karibu nami. "Mama," akasema, "nimewahi kuona watu wa ofisi wakija hapa kutuambia sisi tumekosea. Wewe umepanda basi kuja kuniambia wewe ndiye uliyekosea?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilikupaka rangi machoni."

"Macho ni yangu, mzee. Nilitakiwa kuyafungua."

Alifikiri. "Basi tugawane," akasema. Na tukaliacha hapo. Nguruwe, kwa mlipuko ule, nilisikia hawakuonekana kwenye mtama kwa wiki nzima.

Jumatatu nilimpelekea mkubwa wangu mabaki ya bunduki na barua ya kurasa mbili, nimeandika kila kitu: foleni, rangi, siki, muhuri, tairi. Alisoma nikiwa nimesimama. Kuhusu muhuri hakusema sana. Kuhusu tairi alisema mengi, na nilistahili. Kisha akauliza kwa nini nimeyaandika mwenyewe wakati hakuna aliyelalamika. Nikamwambia nimeyaandika ili nilale. Aliweka sahihi. Nililala.

Tangu wiki ile siki ikawa hatua ya kwanza mezani, si ya mwisho, na foleni ikawa ndefu, na sifa za mkono mwepesi zikaisha. Watu walinung'unika kwamba Mama Ntandu amezeeka. Nilizikataa bunduki nyingi baada ya hapo. Wenyewe walilia, wengine walinitukana, mmoja wa Shelui hakunisalimia tena hadi leo tukikutana sokoni. Ana mikono yote miwili ya kutonipungia.

Miaka yangu ya mwisho aliletwa Neema, fundi aliyesomea kazi hii kuliko mimi, mwenye vipimo vya kisasa vinavyotoa namba kwenye kioo. Nilimfundisha mwiko na kamba, yeye akanifundisha namba. Nilipomkabidhi funguo alilia, mimi sikulia. Nilitembea hadi stendi nikijisikia kama mtu aliyetua mtungi kichwani bila kumwaga maji, au tuseme bila kumwaga mengi.

Juzi Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Neema. Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Samahani kwa kukuamsha. Kuna bunduki nimeipitisha jana. Namba zote zilikuwa nzuri. Lakini kuna kitu kwenye nyundo sikukirudia, na usiku kucha sijapata usingizi. Labda si kitu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amesharudi Shelui."

"Na wewe uko wapi?"

Nikasikia injini inanguruma, na kondakta anaita watu wa Shelui na Nzega wapande.

"Nimeshakaa, mama," akasema. "Kiti cha dirishani."